Ncha ya Utepe Iliyokunjwa

Mama Keki alingoja mwanawe atoke kwenda kazini, akangoja na mkwewe afunge geti na kuondoka na mtoto mgongoni, ndipo akashika simu kumwita fundi. Alijiona kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe, na hilo lilimuudhi kuliko hata oveni iliyogoma kuwaka.

Alikuwa ameshauliza sana kuhusu hiyo oveni. Jibu la mwanawe lilikuwa lilelile: "Imekufa, mama. Imezeeka, tuiache ipumzike." Alilitoa kwa upole, hakosi hata siku moja, na upole huo ndio ulioanza kumtia shaka mama mtu. Anayesema kweli huchoka kuulizwa, akang'aka. Huyu alikuwa hachoki.

Oveni hiyo ndiyo iliyomlea kijana mwenyewe, tangu baba yake alipofariki. Harusi za mtaa mzima zilikatiwa keki zilizotoka humo. Naye kijana, alipokuwa mdogo, kabla hata hajajua kusoma, kazi yake ilikuwa kufunga maboksi. Mama yake alimfundisha kwamba ukishabandika utepe, unakunja ncha yake kidogo, ili atakayefungua asihangaike kuitafuta kwa kucha. "Mteja asikulaani kabla hajaonja," alimwambia, na mtoto akawa hakosei.

Siku hizi Mama Keki alisahausahau, hakubisha. Miwani, jina la jirani, kama amekula au bado. Kuna keki moja iliungua, alikumbuka moshi na watu wakikimbia. Basi. Nani aliyewahi kushika mwiko asiunguze kitu? Kwa hilo tu, mtu mzima anyang'anywe kazi ya mikono yake?

Fundi alifika na begi lake begani. Walimwita Testa, kwa sababu bisibisi yake ya kupimia umeme ilikaa nyuma ya sikio hata akienda msibani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mgonjwa yuko jikoni. Humu ndani wameshamchimbia kaburi, mwangalie kwanza kama bado anapumua."

Testa alicheka, akaanza kazi. Alipima swichi ya ukutani, umeme upo. Akatazama kisaa cha mbele ya oveni, maana oveni nyingine umeme ukikatika zinakataa kuwaka mpaka uzirekebishie saa. Lakini kisaa chenyewe kilikuwa giza tupu. Akafungua mlango, taa ya ndani nayo kimya.

"Haipati umeme kabisa hii. Tuivute tuone mgongo wake."

Alizima swichi kubwa, akaivuta oveni hadi katikati ya jikoni, akafungua kifuniko cha nyuma. 

"Mama, hii si mbovu. Waya zimechomolewa. Ila aliyezichomoa ni mtu mwenye adabu zake, tazama alivyozifunga. Mpaka ncha ya utepe ameikunja."

Mama Keki aliinama, akavaa miwani. Kila waya ulikuwa umeviringishwa utepe wake, na kila utepe ulikuwa na ncha iliyokunjwa kidogo. Damu ilimchemka hadi masikioni. Alizishika zile ncha, moja baada ya nyingine, akabandua utepe wote.

"Niziunganishe?" Testa aliuliza. "Ni kazi ndogo tu."

"Acha. Ataziunganisha huyohuyo aliyezichomoa, nikimwangalia."

Jioni mwanawe aliingia, akaikuta oveni katikati ya jikoni, waya zikiwa wazi, na mama yake ameketi kando kwenye kigoda. Mkewe alikuwa nyuma yake na mtoto. Alitupa jicho tu, akampeleka mtoto sebuleni.

"Mwanangu, mimi ni wa kudanganywa?"

 Kijana alikaa sakafuni na nguo zake za kazi.

"Nilikufundisha kufunga boksi ili uje unifunge mimi? Kwa sababu ya keki moja iliyoungua?"

"Siku ile hukuwepo nyumbani, mama. Uliweka keki ukaenda sokoni, ukasahau kurudi, ukafika moshi umeshajaa. Mtoto tulikuachia wewe. Alikuwa amelala chumbani. Jirani alivunja dirisha akamtoa kwenye moshi, hata kulia hawezi."

"Muongo! Mtoto hakuwepo."

"Tulikwambia, mama. Ulilia mpaka kukakucha. Asubuhi ukaniuliza mbona macho yangu mekundu. Halafu ukauliza kioo kimevunjwa na nani. Tukakwambia tena, ukalia upya, kama ndiyo kwanza umeletewa taarifa. Mara ya tatu nilishindwa. Nikaona heri oveni iwe imekufa."

Mama Keki alifungua mdomo ambishie, akageukia upande wa chumba. Kile kioo cha dirisha la chumbani alikuwa akikiona kila siku. Kilikuwa kipya, wala hakuna aliyewahi kumwambia cha zamani kilikwenda wapi. Naye mtoto, tangu lini akawa habaki nyumbani na bibi yake? Roho ilimuuma mpaka akashika ukingo wa meza.

"Ni mzima?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mzima, mama. Msikilize."

Sebuleni mtoto alikuwa akicheka na mama yake. Mama Keki alimsikiliza kwa muda mrefu, machozi yakimtiririka bila kuyafuta. Kisha aliinuka, akafungua droo ya vifaa vyake vya keki, akatoa utepe. Mwanawe alitaka kuupokea, akamzuia kwa mkono.

Alipiga magoti taratibu nyuma ya oveni, akaviringisha waya mmoja mmoja, bila haraka. Mikono haikuwa imesahau kitu. Kila alipomaliza, alikunja ncha.

"Mwanangu."

"Naam, mama."

"Kesho nikikuuliza tena..." Alikunja ncha ya mwisho. "Kesho nikikuuliza, niambie imekufa."