Baba Hakuruka Ukurasa

Baba yangu alisoma Biblia kama alivyolima: anaanza mpakani, anafuata mstari, haruki kisiki. Kila jioni kule kwetu Ganda, nje ya Malindi, kuku wakishaanza kupanda mkorosho kulala, alitoka na kile kitabu chake kikubwa kilichofungwa kwa kipande cha leso, akaketi kwenye kigoda mbele ya jiko la mama, akaendelea pale alipoishia jana. Hakuchagua. Kama jana tuliishia vitani, leo tulikuwa vitani. Kama tuliishia kwenye sheria za ukoma na ukungu wa ukutani, basi tuliketi na ukoma mpaka uishe.

Mama yangu mambo hayo yalikuwa yakimchosha. Anakuna nazi huku anasema, "We mzee, hebu tusomee ile ya mchungaji na majani mabichi, watoto walale roho kunjufu."

Baba hakuinua hata uso. "Ile tutaifikia."

Tutaifikia lini? Mwaka ujao, pengine, baada ya wafalme wote kufa. Mama alisonya, akaendelea na nazi yake.

Na usidhani alikuwa msomaji hodari. Shule aliiacha mapema akachunge mbuzi. Kidole kilitangulia, macho yakafuata, sauti ikaja nyuma imechoka. Jina refu likimshinda alirudi nalo mwanzo, akalisukuma tena mpaka likubali. Sisi watoto tulicheka tumeziba midomo kwa leso.  Leo ningetoa chochote niisikie sauti ile ikikwama tena.

Mimi baba aliniita mama. Kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia, na akishapewa, huchukuliwa kuwa ndiye yeye. Mimi nilichukua jina la nyanya yangu mzaa baba, kwa hiyo baba mzazi akawa ananiita mama, na akinikemea bila sababu aliniomba radhi kama mtu aliyemkosea mamake. Nami sikuichezea nafasi hiyo, nilimtuma maji ya kunywa mara nyingi tu.

Mtoto wa kwanza wa baba mdogo, yaani ndugu yake baba anayemfuata, yeye alichukua jina la babu. Basi ungemwona baba, mtu mzima mwenye mvi, anapita uani kwa ndugu yake, anamkuta kijana wa kaptula anacheza mchangani, anasimama. "Shikamoo, baba." Na yule mtoto, kamasi zinamtiririka, anaitikia "Marahaba" bila haya yoyote. Tulizoea. Hakuna aliyeona ajabu.

Yule mtoto akakua, akaenda Kilifi kwenye machimbo ya mawe ya kujengea. Mwaka ule mvua zilitukatisha tamaa, mahindi yakakauka yakiwa magotini, na yeye akarudi nyumbani na homa, macho yamegeuka manjano. Hakumaliza wiki. Alikuwa hajaoa.

Sasa nikwambie jambo la kwetu ambalo linanitia uchungu mpaka leo. Siku hizi mvi ni hatari. Kijana akifa ghafla, watu hawaulizi alikuwa anaumwa nini, wanatazama nani katika ukoo ana kichwa cheupe wamwite mchawi. Wazee wa watu wamekatwa mapanga kwa sababu hiyo. Wengine wanapaka piko kila mwezi, nywele nyeusi tii kama za bwana harusi, ili tu waachwe wazeeke. Na kichwa cha baba yangu kilikuwa cheupe kuliko pamba.

Mimi wakati huo nilishahamia Mtwapa, nashona nguo. Nilikuja matangani, na sikuchukua muda kujua mambo yameharibika. Baba aliketi kwenye jamvi, na pembeni yake pakabaki wazi, huku wengine wamebanana. Baba mdogo hakumpa mkono. Wale ndugu wawili walionyonya ziwa moja, walioazimana jembe na shati miaka yote, mmoja anamtazama mwenzake kama anatazama nyoka.

Matanga yalipovunjwa, neno likaletwa. Kesho jioni ukoo utakuja nyumbani kwetu. Baba achague: aende kwa mganga akale papai la kiapo, au aondoke Ganda. Papai hilo husomewa maneno, kisha mtuhumiwa hupewa kipande. Akiwa mchawi, wanasema, mdomo utavimba mbele za watu. Akikataa kula, amejibu.

Damu ilinichemka. Asubuhi nilikwenda Malindi mjini nikanunua piko, nikarudi nikaliweka mbele yake. "Nikupake, tuvae, tuondoke. Mtwapa nina chumba."

"Nikiondoka nimekiri, mama."

"Basi kale hilo papai."

"Nikila nimemkana Mungu."

"Basi watakukata!" Nilimwambia hivyo hivyo, usoni. Mama alikuwa pale, akajifunika uso kwa leso.

 Baba akasema, "Miaka yote hii nasoma kwamba yuko pamoja nasi. Sasa leo nikimbie, nitakuwa nilikuwa nasoma nini?"

Mtu mkaidi hana dawa. Nikaona kama hataki kuondoka, angalau Maandiko yamtetee. Nikakifungua kile kitabu kwenye Zaburi, pale ambapo mtu anayeonewa anamwomba Mungu awavunje meno adui zake. Nikamwambia jioni awasomee hiyo, tena kwa sauti, waisikie vizuri. Nilitaka waogope. Nilitaka waondoke wamefyata mikia.

Akayatazama yale maneno, akarudisha kurasa taratibu mpaka pale kipande cha leso kilipokuwa. "Leo tunaanza Mambo ya Nyakati," akasema.

Kama hujawahi kukisoma, mwanzo wa kitabu hicho ni majina. Majina matupu. Fulani akamzaa fulani, fulani na wanawe, sura nzima, nyingine tena, na nyingine. Hakuna faraja humo, hakuna mchungaji, hakuna majani. Nilitoka nje nikaenda kusimama nyuma ya choo nikalia kwa hasira. Mtu anakuja kufukuzwa kwake, na yeye anataka kusoma majina ya wafu wa nchi za mbali.

Jioni wakaja. Baba mdogo mbele, macho mekundu kwa kilio, wazee wa ukoo nyuma yake, na vijana wakasimama penye ua na mapanga mkononi, eti wametoka shamba. Shamba gani, na mvua hakuna? Alikuja pia shangazi yao mkubwa, dadake marehemu babu, aliyekuwa haoni vizuri tena. Yeye kanisani hakuwahi kuingia. Alishika ya zamani, na kila mtu alimheshimu kwa hilo.

Baba akawakaribisha, mama akatandika majamvi. Halafu baba akasema, "Mmenikuta wakati wa sala. Nimalize, kisha mseme mlichokuja nacho." Hakuna aliyemkatalia. Hata mwenye panga hamkatizi mtu anayesali.

Akaanza. Adamu, Sethi, Enoshi. Kidole kinatetemeka, sauti inapwaya. Vijana wakatazamana, mmoja akacheka puani. Baba akakwama kwenye jina refu, akarudi, akalisukuma, likakubali. Akaendelea na lingine.

Ndipo nikasikia, "Eeh."

Alikuwa shangazi. Jina lingine, na yeye tena, "Eeh." Nilichukua muda kuelewa kinachotendeka. Kwetu, kwenye tambiko, mkubwa wa ukoo huwataja waliotangulia, mmoja baada ya mwingine, na waliokaa huitikia kila jina, ili marehemu ajue hajasahauliwa. Yule bibi, macho hayaoni, alisikia mtu anataja kizazi baada ya kizazi, akadhani baba anawaita wazee wetu. Nani amsahihishe? Alipoitikia mara kadhaa, mzee wa pembeni yake naye akaitikia, kwa mazoea tu, na wa pili, na wa tatu. Mmoja akavua kofia. Kule penye ua kicheko kilikwisha.

Baba akaendelea hivyo mpaka mwisho wa sura. Kila jina la Waebrania likapata "eeh" yake katika uwanja wetu wa Ganda. Kisha akataka kufunga kitabu.

"Mbona umeishia huko?" shangazi akauliza. "Na hawa wetu? Endelea."

Baba akatazama ukurasa kama aliyepotewa na njia. Kidole akakiacha pale pale. Kisha akaanza kuwataja wetu, bila kusoma sasa, kama alivyofundishwa na babake: aliyetoka kaya ya kale ya mababu, aliyefyeka msitu wa Ganda, aliyezaliwa mwaka wa njaa. Watu wakaitikia. Akashuka na kizazi, akashuka, mpaka akafika kwa babu. Hapo sauti ikagoma. Akafungua mdomo, jina halikutoka. Akajaribu tena kama alivyokuwa akijaribu majina magumu, akarudi mwanzo, halikukubali.

Likatajwa na baba mdogo. Alilitaja jina la babake, ambalo ndilo jina la mwanawe aliyekuwa kaburini siku chache tu, na hakuna aliyeitikia, kwa sababu alianguka kwenye jamvi akalia kilio ambacho matangani hakukilia.

Shangazi akasubiri. Kisha akamuuliza, kwa upole, "Huyu ndugu yako alikuwa akimwita marehemu nani?"

"Baba," akasema baba mdogo, uso uko chini.

"Basi mmefiwa nyote wawili."

 Lile la papai halikutajwa jioni ile. Wazee waliaga mmoja mmoja, na nilipotazama penye ua, wale vijana hawakuwapo.

Baba yangu aliendelea kuishi Ganda miaka mingi, nywele zake nyeupe hivyo hivyo, na alikufa kitandani kwake kwa uzee, mama amemshika mkono. Wengi hawapati hilo. Sisemi kwamba nilielewa yote. Mvua haikunyesha kesho yake, na binamu yangu hakufufuka. Lakini nimefikiria mara nyingi ile Zaburi yangu ya meno. Lau angewasomea ile, wangesikia mzee mwenye mvi anawaapiza, na kumsikia akiapiza ndicho walichokuja kutafuta. Mapanga yasingengoja amina. Mungu alishaweka majina mahali pake, kwenye zamu ya siku ile, na baba kazi yake ilikuwa kutoruka tu. Mimi ningeruka. Haki ya Mungu, ningeruka.

Kwa muda mrefu nilidhani baba siku ile hakuogopa, kwamba imani ndiyo hiyo, moyo kutulia tuli kama maji ya mtungini. Mpaka nilipoacha kujidanganya nikakumbuka kilichofuata.

Watu walipokwisha kuondoka, mama aliingia jikoni kuwasha moto. Baba akabaki kwenye kigoda. Nikamwambia twende ndani, giza linaingia. Hakuinuka. Akaniita karibu, akasema kwa sauti ndogo, mama asisikie, "Mama, nishike. Miguu imekataa."

Nikamshika mkono. Alikuwa amelowa jasho mgongo mzima, anatetemeka kama mwenye homa. Alikuwa ametetemeka hivyo tangu jina la kwanza. Nikavuta, sikumweza, alikuwa mzito na mimi nguvu zilishaniishia kwa kulia.

Basi nikaona mkono mwingine umempita kwapani upande wa pili. Baba mdogo alikuwa amerudi. Hakunitazama, hakumwomba ndugu yake radhi, na baba hakumdai. Akasema tu, "Haya, polepole," na tukamwinua wote wawili, tukamwingiza nyumbani kwake.