Simu ya Mama Ndani ya Kikapu

Kwenye nyumba ambako mama yangu huenda kusali, kule Mugunga, simu zote huwekwa ndani ya kikapu mlangoni. Sheria hiyo sikuipenda hata kidogo, maana simu ya mama si ya kupigia soga. Inasoma sukari ya damu yake kutoka kwenye kidude kidogo kama kifungo cha koti, kilichobandikwa mkononi. Dada yangu alipokileta tulishangilia: vidole vimepona kutobolewa kila mara, na sukari ikishuka mno, simu inalia. Lakini ni lazima awepo mtu wa kuisikia.

Siku niliyomsindikiza, mchana, ililia. Wamama walikuwa wamepiga magoti, na kiongozi wao akaomba, kwa adabu kavu, aliyesahau kuzima simu akaizime. Mimi sauti ile naijua. Nilimtazama mama: jasho linamtiririka, midomo inatetemeka. Nikakimbilia kikapuni. Kwenye kioo, mshale wa sukari ulikuwa unatazama chini.

Ndipo nikaelewa. Asubuhi alijidunga insulini kama kawaida, kisha akafunga kwa siri. Kaka yangu yuko upande wa Rutshuru, na tangu vita vizibe njia hatujapata neno lake. Hasira ilinipanda, halafu woga ukaipita. Nilikoroga sukari ya mkobani mwangu katika kikombe cha maji, nikachutama mbele yake.

Alifumba mdomo.

"Niache. Niko nafunga juu ya mutoto wangu."

Nikimlazimisha, atayatema; namjua. Mikono yake ilikuwa baridi, macho yameanza kulegea.

"Na akirudi, mama, atakuta nani ku nyumba?"

Alikivuta kikombe kutoka mkononi mwangu. Kisha akanywa yote. Tukangoja, simu mapajani mwangu. Mshale ukalala, halafu ukaanza kupanda. Mama akaangua kilio: amekatiza mfungo wa kumwombea mwanawe, sasa nani atamlinda njiani?

Yule kiongozi, ambaye nilimwona kwa macho yangu akimalizia ndizi mlangoni asubuhi ile, alimfuta jasho kwa kitenge chake.

"Wewe kula, mama. Sisi tutafunga."

Chakula cha baada ya sala kilikuwa tayari. Wakampakulia mama peke yake, wakafunika sufuria ya maharage, wakapiga magoti tena. Simu yake waliiweka katikati yao.