Nilivyobadilisha kaseti ya gemu Kariakoo, kumbe nimeuza mji wa mama

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa shikamooni, wadogo marahaba hata kama hamjasalimia.

Leo nimeona vijana humu wanalumbana kuhusu kurudisha gemu dukani, nani kapunjwa, nani kapewa CD yenye mikwaruzo. Nikacheka peke yangu. Nyie hamjapunjwa bado. Ngoja niwape kisa changu, ni cha kweli tupu. Atakayeona ni chai, aje na vitafunwa tunywe wote.

Ilikuwa miaka ya tisini, ruksa ya biashara huria imeshakolea. TV zimeanza kuingia nyumba za kawaida, na Kariakoo imejaa vitu vya Dubai mpaka vingine hatujui vinatumikaje. Upande wa pili sasa, viwanda vya serikali vinauzwa, na watu wanapewa barua za "kupunguzwa". Neno tamu hilo. Utadhani ni nywele.

Sisi tulikaa Ilala, pua na mdomo na Msimbazi. Nyumba ya urithi: vyumba vya mbele tunakaa wenyewe, vya nyuma wapangaji. Baba alikuwa dereva wa malori ya Zambia, akirudi nyumbani anakaribishwa kama mgeni, na anakula kama mgeni pia. Mimi nimemaliza form four, nasubiri matokeo. Yaani kazi yangu rasmi ilikuwa kukaa barazani na kula.

Mama alikuwa kwenye kiwanda cha nguo tangu usichana wake, kwenye mashine za kufuma. Kiwanda kikapata mwekezaji, mwekezaji akapata wazo, na wazo lenyewe likawa ni kumwondoa mama yangu.

Siku aliyopewa barua alirudi, akavua viatu, akapika. Tukala. Akasema kwa sasa anapumzika. Hakulia, hakulaumu mtu. Ila kuanzia hapo akawa mkali kama pilipili ya Feri. Ukiacha kikombe mezani, kesi. Ukifunga mlango kwa nguvu, kesi. Wapangaji wakawa wanapita uani kwa kunyata kama wezi kwenye nyumba wanayoilipia kodi.

Sasa tuje kwenye gemu.

Baba alirudi safari moja na mashine ya gemu, mtumba, na kaseti mbili. Vijana wa sasa, kaseti ilikuwa kidude kama sabuni ya kipande, unachomeka juu ya mashine. Isiposhika unaichomoa, unapuliza, unarudisha. Kwa nini kupuliza kulisaidia, mpaka leo sijui, lakini tulipuliza nchi nzima.

Kaseti moja ilikuwa ya ngumi. Hiyo niliicheza mpaka nikawa naota napigwa.

Ya pili ilikuwa ya kujenga mji. Wakuu, sijawahi kuona gemu la ovyo vile. Hakuna kupigana, hakuna kukimbia. Unapanga barabara, unavuta nguzo za umeme, unasubiri watu wahamie. Nikajiuliza, mimi nipange barabara kama nani? Nikaitupa chini ya meza ya TV nikasahau.

Mama yeye alizichukia zote. Akiniona na pedi ya gemu mkononi ananiuliza kama hiyo ndiyo itanipeleka form five. Swali la haki kabisa, ila lilikuwa linakuja kila siku wakati nimebakiza adui mmoja.

Kariakoo, mtaa wa nyuma ya soko, kulikuwa na duka la mzee mmoja Mhindi, tulimwita Mzee Jayanti. Alizaliwa hapohapo mjini, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko changu. Aliuza TV na deki, na pembeni alikuwa na rafu ya kaseti za gemu zilizotumika. Unampelekea yako uliyoichoka, anaijaribu, unaongezea kidogo, unachukua nyingine. Kwetu sisi ile rafu ilikuwa kama peponi, na Mzee Jayanti ndiye mlinda mlango.

Nikapeleka ile ya mji. Niliona nimepata akili sana, kutoa takataka nipewe gemu la mpira.

Mzee akaichomeka kwenye kiTV chake cha mezani. Akatazama, akavua miwani, akaivaa tena. Akaniambia, "Kijana, humu ndani kuna kazi ya mtu."

Nikamjibu ni ya mwenye nayo wa zamani huko Zambia. Sikugeuza hata shingo kwenye TV. Macho yangu yalikuwa kwenye rafu, kwenye kaseti ya mpira. Akaniuliza tena kama nyumbani wanajua. Nikasema mzee, hii ni mali yangu.

Nikatoka na mpira wangu. Jioni ile nilifunga magoli mpaka nikawahurumia wapinzani.

Kesho yake nimetoka barazani kufuata maji ya kunywa, namkuta mama kapiga magoti mbele ya TV. Kaondoa kitambaa, kaondoa vyombo vya chini ya meza, anapapasa. Akaniuliza, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia tangu aachishwe kazi, ile kaseti nyingine iko wapi.

Nikajua anataka kuitupa. Nikamwambia kwa kujiamini, asiwe na wasiwasi, nimeshaiondoa, nimebadilisha Kariakoo.

Mama akakaa chini. Kwenye sakafu. Akaivuta khanga mabegani, akanyamaza.

Wakuu, mimi fimbo za mama naziweza. Ukimya ule sikuuweza. Mchana tukala mchuzi hauna chumvi, na kwetu mchuzi bila chumvi ni sawa na kutangaza hali ya hatari. Nikamuuliza mama, unaumwa?

Akasema, "Mle ndani kuna mji wangu."

Nilicheka. Nikamtazama usoni, kicheko kikanikauka.

Ndipo akanieleza. Baada ya ile barua, siku zilikuwa hazina mwisho. Baba yupo njiani, mimi nipo barazani, wapangaji wako makazini, na yeye alizoea kelele za mashine tangu asubuhi. Nyumba kimya mpaka masikio yanauma. Siku moja akaamua kuwasha lile dude aone ni kitu gani kinanifanya nisisikie nikiitwa. Ya ngumi ikamuudhi. Akajaribu ya pili.

Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la saba na cha vibao vya kiwandani. Hatari, simama, washa, zima. Kikamtosha. Alianza na barabara moja na nyumba chache, umeme ukakatika, watu wakahama. Akaanza upya. Akajifunza. Akaweka viwanda kando ya mto, akaweka reli. Kila nikitoka, anawasha. Akisikia kandambili zangu mlangoni, anazima.

Na mimi bwege nilikuwa nikigusa TV naikuta ya moto, nikilaumu umeme wa mtaa.

Halafu akasema kitu ambacho nilikuja kukifikiria baadaye. Kwamba kwenye mji wake hakuna mgao wa umeme, na hajauza kiwanda hata kimoja.

Nikamwambia mama, vaa twende.

Alikuwa ameshasimama.

Mzee Jayanti alitupokea vizuri, akatuvutia viti. Mama akamweleza bila kuficha. Nilitegemea mzee acheke. Hakucheka. Alisema ameshaiuza asubuhi ileile kwa Mangi mmoja mwenye kibanda cha kuchezesha gemu kule Mchikichini, nyuma ya viatu vya mtumba. Akatuonya kuwa kaseti ile ina nafasi moja tu ya kuhifadhi. Mtu akianza mji mpya akauhifadhi, wa zamani unafutika moja kwa moja.

Mama hakusubiri amalize. Nilimwomba mzee radhi kwa niaba yake nikatoka mbio.

Mama yangu si mtu wa kukimbia. Siku ile alipita Msimbazi kama gari la zimamoto. Wauza mikoba wakampisha, mkokoteni ukampisha, jamaa mmoja aliyekuwa ananadi mashati akasitisha mnada kwa heshima. Mimi nyuma nimebeba kandambili yake moja iliyokatika.

Kibanda cha Mangi kilikuwa cha mbao, mlangoni pazia la shuka. Ndani giza, TV mbili, mabenchi, vijana wamebanana kama dagaa. Mangi mwenyewe, Mchaga mnene mwenye sauti ya upole, amekaa kwenye stuli analinda himaya yake.

Mama akafunua pazia.

Mle ndani kulikuwa na vijana wa mtaani kwetu ambao wazazi wao waliamini wako tuisheni. Walidhani ni msako. Mmoja alitoa shikamoo huku anatambaa chini ya benchi. Kibanda kikabaki na Mangi na dogo mmoja tu aliyekuwa amezama kwenye TV ya pili, hana habari.

Kwenye ile TV mji ulikuwa unaungua.

Dogo alikuwa amegundua kwamba lile gemu lina sehemu ya kuchagua balaa. Unabonyeza, linakuja tetemeko. Unabonyeza, mafuriko. Yeye alikuwa amebonyeza zote. Moto umeshika viwanda vya kando ya mto, reli imekatika, na yeye anafurahi kama yuko harusini.

Na juu kabisa ya kioo, jina la mji: ZUHURA.

Wakuu, mimi naitwa Hassan, kwa hiyo mama yangu ni Mama Hassan. Mtaani, msikitini, kwa wapangaji, hivyohivyo. Baba anamwita mama watoto. Bibi ndiye aliyekuwa akimwita Zuhura, na bibi alishafariki. Nilisimama pale kibandani nikagundua kwamba kwa miaka nimekaa bila kulisikia jina la mama yangu.

Mama akainama karibu na dogo, akamuuliza taratibu, "Mwanangu, umehifadhi?"

Dogo akauliza kuhifadhi ndiyo nini.

Mama akanyoosha mkono akazima mashine. Mangi akanyanyuka, mama vipi, huyu mteja muda wake haujaisha. Mama alichomoa kaseti, akaipuliza, akairudisha, akawasha.

Mji ukarudi mzima. Moto hakuna. Treni inatembea. Viwanda vyote vinafuka moshi kando ya mto.

Akashusha pumzi na kukaa kwenye benchi, hapohapo kati ya maganda ya karanga na makandambili ya watu.

Wale waliokimbia wakaanza kurudi mmojammoja. Wa chini ya benchi akatokeza kichwa. Hawakuwahi kuona mji mkubwa vile, wao walikuwa wanakwama kwenye vibanda vichache. Mmoja akamuuliza mama treni ameipataje. Mama akamwonyesha. Mwingine akauliza kwa nini watu wake hawahami. Mama akasema, "Kwa sababu wana kazi." Akaendelea kubonyeza.

Kimbembe kikawa kwa Mangi. Alisema amenunua kihalali, mali ikishatoka dukani imetoka, na hakuna mtu aliyemsikiliza. Hapo tulikuwa hatuna cha kumlaumu, alikuwa sahihi. Mama akafikiri kidogo, akamuuliza kama vijana wake wanapenda mpira.

Moyo wangu ukaanguka.

Mangi akasema wanaupenda kupita chakula. Mama akanigeukia, akaniambia nikimbie nyumbani nikalete ile kaseti. Nikajaribu kueleza kwamba ile ni mali yangu. Akanitazama tu. Nikaenda.

Mangi alikubali kubadilishana haraka sana, mpaka nikajua hapo aliyeliwa ni mimi. Niliucheza mpira ule jioni moja tu maishani mwangu.

Tukirudi, nikamuuliza mama kwa nini aliupa mji jina lake.

Akasema, "Kiwandani nilikuwa namba kwenye kadi. Nyumbani naitwa kwa jina lako. Ulitaka niuite nani?"

Nikambebea mkoba.

Tangu siku ile akawa anacheza hadharani. Baba alirudi kutoka Zambia, akamkuta na pedi mkononi, akauliza chakula. Akaambiwa asubiri, kuna foleni darajani. Mzee alikaa akasubiri, na baada ya wiki moja alikuwa ndiye anayemshauri pa kupitisha reli, na anashauri vibaya.

Baadaye mama akachukua kile kiinua mgongo alichokuwa amekifungia kabatini, akanunua TV na mashine nyingine, akafungua chumba cha mbele. Masharti yake: unatoa shikamoo ndipo upewe pedi, na mwenye sare za shule haingii kabla ya saa za kutoka. Nilijua vijana watamkimbia. Walijaa. Mangi alinuna mwezi mzima, halafu akaanza kuja mwenyewe kubadilishana kaseti na mama, wanabishana bei kama ndugu. Chumba kile ndicho kilichonisomesha, maana matokeo yangu ya form four yalikuwa yale mnayoyawaza.

Nilichojifunza wakuu: mtu mzima akiachishwa kazi akakwambia anapumzika, usimwache peke yake na hilo pumziko lake. Kaa naye. Muulize anafanya nini mchana. Unaweza kukuta anaendesha jiji zima na wewe unalalamika chumvi. Na kabla hujabeba kitu cha nyumbani kupeleka dukani, pita kila chumba uulize.

Haya, uwanja wenu. Nani mwingine amewahi kumfumania mzazi na pedi? Na wale wa kudai picha, kipindi kile kupiga picha ilibidi uende studio, uchane nywele, uazime koti. Nisingeweza kupitia huko na mama anavyokimbia vile.