Mkasi wa Meno na Msikiti wa Mtandi

Somoe binti Hemedi alikuwa fundi cherehani wa Rahaleo, Mtwara mjini, na hakuna aliyewahi kumsikia akiomba kitu. Mteja akileta kitambaa pungufu alimwambia machoni, "Kaongeze, mimi si mchawi." Darasa la nne aliloishia lilimtosha. Alisoma gazeti, alisoma barua za wajane wenzake, na alikumbuka yaliyosemwa kabla hajaota meno.

Lakini mwaka 2006 Ismaili, mtoto wa mjomba wake, alitaka kumuuzia mgeni shamba la Mtandi, kule chini ya Mahurunga, karibu na mdomo wa Ruvuma. Somoe akasimama mbele ya baraza la ardhi la kata akasema hapauzwi. Pale palikuwa na msikiti wa babu yao, na nyuma ya kibla kuna makaburi, na katika makaburi hayo amelala mama yake mzazi.

"Dada anaota," alisema Ismaili. "Pale ni pori. Nani kaona msikiti?"

Na kwa macho ni pori kweli. Watu walihamishwa Mtandi mwaka sabini na nne wakaletwa kijijini, na mawe ya msikiti yakafuata nyuma, moja moja, kujengea misingi ya nyumba. Msikiti wenyewe ulikuwa gofu tangu kabla ya hapo, na waliowahi kuswali mle wameshatangulia. Mwenyekiti wa baraza, Mzee Kassimu, akampa Somoe siku saba. Alete ushahidi, au shamba liuzwe na trekta liingie.

Somoe aliwaza siku tatu, mguu ukikanyaga cherehani wenyewe. Siku ya nne likamjia neno la bibi yake. Bibi alikuwa akisimulia Mjerumani aliyefika Mtandi na sanduku la miguu mitatu, akawapanga wanaume mlangoni mwa msikiti, akawaambia wasipepese macho, wakasimama mpaka jua likawatoa machozi. Kama alipiga picha, si iko mahali?

Akaenda Chikongola kwa shoga yake Hafsa, aliyekuwa mpiga chapa wa serikali mpaka alipostaafu, na sasa alikuwa na kiduka cha intaneti chenye kompyuta mbili na feni moja.

"Leo jua limechomoza wapi?" Hafsa alimpokea. "Somoe kaja kuomba!"

"Sikuja kuomba. Nimekuja kutafuta. Washa dude lako."

Somoe aliposema anataka nini, Hafsa aliacha utani. Alikuwa amesikia kwamba vyuo vya Ulaya vimeanza kuweka picha zao za kale kwenye mtandao, mtu akaziangalia bure. Akaandika Mtwara. Zikaja meli na bandari.

"Mtwara ya nini?" Somoe alimkemea. "Mjerumani hakuijua Mtwara. Yeye alikaa Mikindani."

Hafsa akaandika Mikindani. Zikaja boma, askari, minazi. Akaongeza Ruvuma. Hakuna kitu. Saa nzima ikapita, feni ikilia kwikwi.

"Ngoja," Somoe alisema. "Cheti cha kodi cha babu, alichokitunza kwenye mwanzi, kiliandikwa Rovuma. Kwa O. Tulikuwa tukimcheka Mjerumani kwamba hata mto hajui kuutaja. Mfuate na kosa lake."

Hafsa akaandika Rovuma kwa O, na picha ikaanza kufunguka kutoka juu, mstari kwa mstari, kama mkeka unaosukwa. Ikaja anga. Likaja paa la makuti. Ukaja ukuta wa mawe, mlango, wanaume sita wamekaza macho. Pembeni kisima chenye ngazi tatu, na nyuma ya kibla, makaburi. Chini yake maandishi ya Kijerumani na Kiingereza yaliyobanana, na katikati yake Somoe akalisoma mwenyewe neno Mtandi.

Hakulia. Alishika tu ukingo wa meza.

"Na ruhusa ipo," Hafsa alisema kwa furaha, akifuata herufi ndogo za Kiingereza za mwisho. "Wameandika hapa, mali ya umma."

Mkono wa Somoe ukatoka mezani. "Nini?"

"Mali ya umma. Ngoja nikuchapie nzuri."

Angeuliza, mambo yangekwisha palepale. Lakini Somoe hakuwa mtu wa kuuliza. Aliipokea karatasi, akashukuru, akatoka haraka. Marehemu mumewe Hamisi alikuwa muuzaji wa duka la kijiji. Mwaka themanini na tatu, wakati serikali ikisaka wahujumu uchumi walioficha bidhaa, walimkuta na miche minne ya sabuni chini ya kitanda, nayo ilikuwa ya mgonjwa aliyeagiza. Mgambo waliomfunga mikono walisema maneno matatu tu: mali ya umma. Alikaa ndani miezi saba, na aliporudi hakuwa Hamisi tena. Somoe hakuyasahau maneno yale, na leo yalikuwa yameandikwa chini ya picha aliyoibeba kwapani.

Alipofika nyumbani aliiweka juu ya cherehani akaitazama mpaka adhana ya alasiri. Hakujua mstari upi ndio unaofunga watu, kwa kuwa maandishi yote yalishikana. Basi yatoke yote. Mkasi wa kawaida alikuwa amemwazimisha jirani, umebaki mkasi wa meno, ule wa kukatia pindo zisifumuke nyuzi. Fundi hakati karatasi kwa mkasi wa nguo, makali yanakufa. Siku hiyo alikata. Maandishi yakaanguka pajani, na jina la Mtandi likiwa ndani yake.

"Picha itajisemea," alijiambia. "Kisima kile nani hakijui?"

Kile kipande hakukitupa. Chuoni, walikosomea Kurani, walifundishwa tangu utoto kwamba karatasi iliyoandikwa haitupwi, huenda ina jina la Mungu. Akakikunja, akakifunga kwenye pindo la kanga.

Siku ya baraza ofisi ya kata ilijaa hadi madirishani. Mgambo alisimama mlangoni na kirungu. Somoe alimwona, akajikaza, akaitoa picha. Wajumbe wakaipokezana. Bi Mwanahawa, mjumbe mtu mzima, akanong'ona, "Subhanallah, makaburi haya hapa."

Ismaili alikuwa wa mwisho kuishika. Akacheka.

"Msikiti wa wapi huu? Kilwa? Lindi? Pwani nzima ina misikiti! Tena tazameni, Mwenyekiti, chini pamekatwa. Dada yangu ni fundi, kashona na ushahidi."

Watu wakaangua kicheko. Mzee Kassimu hakucheka. Alipitisha kidole kwenye ukingo wenye meno.

"Bi Somoe, nani kapakata hapa?"

Somoe alimtupia jicho mgambo mlangoni.

"Palikuwa na nini?"

Alihisi fundo la kanga ubavuni kama kaa la moto. Akinyamaza, trekta litapita juu ya mama yake. Akisema, mgambo huyo pale. Miezi saba ya Hamisi ilimpita machoni, na ukurutu aliorudi nao. Kisha akamwona mama yake, amevikwa sanda, akishushwa nyuma ya kibla mvua ikinyesha, naye Somoe, mtoto wa miaka tisa, amewashikia wachimbaji jembe.

Akafungua fundo.

"Nimekata mimi," alisema, na sauti yake ilisikika mpaka nje. "Paliandikwa mali ya umma. Mume wangu walimfunga kwa maneno hayo. Niliogopa. Mkitaka kunifunga nifungeni, lakini msome kwanza jina la pale mahali."

Hakuna aliyecheka. Katibu wa baraza, Emmanueli, kijana aliyesoma, akakipokea kile kipande, akakilaza mezani, akakisogeza chini ya picha. Meno yakaingia kwenye meno. Jino moja lilikuwa limepinda, pale mkasi wa Somoe ulipoteleza, na kwenye kipande palikuwa na pengo lililopinda vilevile.

"Ni karatasi moja," alisema Emmanueli. Akasoma polepole. "Msikiti wa Mtandi, mto Rovuma, mwaka 1908." Kisha akainua macho. "Na hii ya mwisho, mama, siyo mali ya umma ya ghala la kijiji. Maana yake aliyepiga picha alikufa zamani, haki yake imekwisha. Picha ni ya kila mtu. Unaichukua, unaichapa, huombi ruhusa."

"Kama maji ya Ruvuma," alisema Bi Mwanahawa.

"Kama maji ya Ruvuma. Ila ni uungwana kutaja ulikochota, na yale maandishi ndiyo yanayotaja."

Somoe akakaa.

Mchana huohuo baraza zima lilishuka Mtandi na mapanga. Walifyeka mpaka jasho likawalowesha, na karibu na alasiri panga la mgambo likalia juu ya jiwe. Ngazi ya kwanza ya kisima. Wakachimba, ya pili. Mzee Kassimu hakungoja ya tatu. "Hapa hapauzwi," alisema.

Siku ya Ijumaa Hafsa alimchapia Somoe nakala kumi, huku akimsonya. "Mwanamke mzima, mdomo unao, usiulize!"

"Na wewe ukatafsiri kama karani wa ushuru."

Nakala moja ilikwenda madrasa, moja kwa Bi Mwanahawa. Jioni Ismaili alibisha hodi Rahaleo. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, hakuingia.

"Dada, yule wa tatu kutoka kushoto. Si ndiye babu?"

"Ndiye. Una pua yake."

"Ninaweza kupata moja?"

Somoe akachukua nakala juu ya cherehani, akampa.

"Chukua, ni ya kila mtu," alisema. "Ila chini usipakate."