Maji ya Jalala Yaliyotubu

Marehemu baba alichimba kisima nyuma ya nyumba yetu, ukingoni mwa mji wa Tanga, kikawa sadaka yake ya kuendelea: kila mtu achotapo, thawabu zinamfikia yeye kaburini. Kisha wakubwa, kwa ukarimu wao usio na kifani, wakatuletea jalala la mji mzima, wakaliweka juu ya mteremko.

Miaka ya mwanzo jalala lilikuwa na adabu ya kujitangaza. Maji yaliyochuruzika chini yake yalikuwa meusi na yalinuka uchachu, hata harufu ya pilau ya harusi ilishindwa kufua dafu. Kisima kikashika uvundo. Mama akakifunika kwa bati, akalia kama aliyefiwa upya.

Jalala likajaa, likafukiwa udongo, likaota nyasi. Mwaka baada ya mwaka yale maji yakapauka, yakawa kama chai hafifu, na harufu ikatoweka. Mtaa wetu, usiokosa bingwa wa kila fani, ukakata shauri: jalala limetubu. Mama akateka maji kisimani, akayakagua kama tulivyofunzwa chuo cha Kurani kukagua maji ya kutawadhia: rangi, ladha, harufu. Yote safi. Kisima kikafunguliwa, halua ikaliwa, na mimi niliyethubutu kuuliza swali nikaambiwa nina kisirani.

Nikapeleka chupa kwa mpima maji. Akanieleza kwamba uozo unaonuka ndio huisha mapema. Chumvi na amonia hukaa miaka na miaka, na hiyo amonia ikipenya ardhini huweza kugeuka naitreti, isiyo na rangi wala harufu, isiyoondoka hata maji yakichemshwa, hatari hasa kwa watoto wachanga. Kisima chetu kilikuwa nayo tele. Nikarudi nyumbani kumpa mama habari.

"Wataka kumkatia babako thawabu?" mama akaniuliza. "Maji twahara haya!"

"Twahara, mama, nani kabisha? Tawadha. Ila yasinywewe."

Hapo akaingia jirani na ndoo, kichanga chake mgongoni. Akaamkia, akateka, akajaza. "Haya ndiyo nampikia uji mwanangu," akasema. "Mola amzidishie marehemu."

Mama hakuitikia amina. Alimtazama mtoto, kisha akanigeukia.

"Na huyu akiumwa, hilo nalo litamfikia babako?"

Nikamwambia sijui, ila naogopa.

Mama akaichukua ndoo mikononi mwa jirani, akaimwaga mchangani, huku akimwomba marehemu mumewe radhi kwa sauti.