Fundi Anayewalisha Mchwa wa Dada Yake

Saa moja asubuhi, fundi wa mchwa amepiga magoti nyuma ya nyumba ya dada yake, shavu linakaribia kugusa udongo. Anainua kifuniko cha kasha dogo la plastiki lililofukiwa kando ya ukuta, anachungulia, kisha anakirudisha polepole.

"Wapo," ananong'ona. "Twende zetu, wasije wakashtuka."

Ni kazi ya ajabu kidogo. Watu humwita aue mchwa, yeye anakuja na chakula chao. Wateja wamembandika jina la Bwana Taratibu, na wenye utani zaidi humuuliza mifugo yake haijambo.

Chakula hicho kina dawa isiyoua papo hapo. Mchwa hukua kwa kujivua gamba la zamani na kuota jipya. Aliyekula dawa hii, siku ya kujivua ikifika, gamba jipya haliumbiki, anakufa. Kabla ya hapo ameshawagawia wenzake, kwa kuwa mchwa hulishana mdomo kwa mdomo.

"Sumu ya kupulizia inaua unaowaona," anasema. "Mimi nawataka nisiowaona, wale wa chini kabisa. Lakini inachukua miezi, na mwenye nyumba anataka maiti leo leo."

Nyumba hii aliijenga marehemu baba yao, seremala, na fremu zote za milango alizichonga mwenyewe. Anaishi humo dada mkubwa, aliyemlea fundi huyu tangu akibebwa mgongoni. Mchwa walipoonekana mwaka juzi, dada hakuhangaika kutafuta mtu. Alimwita mdogo wake.

Fundi akatega makasha, akamwambia asiyaguse. Sababu hakumpa.

"Nilikuwa na haraka zangu," anasema, na sauti inashuka. "Mteja wa nje namweleza mpaka anapiga miayo. Dada yangu mwenyewe nikampa amri, nikaondoka."

Wiki chache baadaye dada alifunua kasha moja. Mchwa walikuwa wamejazana, wanakula kwa raha zao. Fundi angeona hivyo angeshangilia. Dada alichoona ni chakula kisicho na dawa. Akaleta mafuta ya taa, akamimina kasha moja baada ya jingine.

"Nilidhani namsitiri," anasema dada, ameketi kwenye kigoda mlangoni. "Nilisema, jamani, mtoto wa watu kasahau kutia dawa. Nikafagia maiti zao nikiimba."

Mchwa waliosalia hawakuyasogelea tena makasha yaliyonuka mafuta. Walipanda ndani ya ukuta hadi kwenye mbao za paa. Dada akanyamaza kwa kuogopa kugombezwa. Fundi, akiamini dawa inafanya kazi, akachelewa kurudi kukagua.

Paa la chumba cha wazazi, alimokuwa akilala dada, lilianguka mchana, mwenyewe akiwa sokoni. Chumba kikabomolewa, na fremu zake, pamoja na nyingine zilizokwisha kuliwa, zikaishia jikoni kama kuni. Ndugu hao wakanuniana karibu mwaka mzima.

"Inaniuma sana," anasema fundi. "Ningemwambia tu, 'Dada, ukiwaona wamejazana, furahi.' Basi. Ingenigharimu nini?"

Sasa amebaki na fremu moja ya baba, ya mlango huu wa mbele, na juu yake unapanda mchirizi mbichi wa udongo. Mchwa wamo. Kuing'oa au kuipulizia ni kuwatibua wakimbilie kwingine, kama mwanzo. Hawezi hata kuufuta mchirizi huo. Kazi yake ni kungoja, na hajui kipi kitaisha kwanza, mchwa au mbao.

Makasha yakikaa matupu, dalili kwamba mchwa wameisha, anapanga kukijenga upya chumba cha wazazi na kuihamishia fremu hii pale, dada alale humo badala ya ukumbini. Safari hii amemweleza dada kila kitu, na kila asubuhi anamwita akague naye. Leo magoti yamemkatalia dada, kwa hiyo fundi anaporudi kutoka nyuma ya nyumba, anamuuliza akiwa pale pale kigodani.

"Wamekuja?"

"Wamekuja, dada."

"Wengi?"

"Tele."

Dada anageuka kuitazama fremu ya baba yake. Kidole chake kinaufuata mchirizi wa udongo kutoka chini hadi usawa wa kichwa chake, bila kuugusa.

"Haya," anasema. "Waache wale."