Kurasa Sita za Mama Khidashi

Mwezi wa Shaabani, mwaka 158 wa Hijria, jina la Rudaina binti Mukhashin liliandikwa kwa mara ya kwanza juu ya ukurasa wa ngozi, katika soko la Mirbad, pembeni mwa mji wa Basra. Chini ya jina hilo mwalimu Abu Khulaidi aliandika maneno kumi na tisa ya mawingu, kama alivyoyatamka mwanamke huyo.

Miaka minane baadaye kurasa zilikuwa sita. Mara mbili kwa mwaka Rudaina, ambaye sokoni aliitwa Mama Khidashi, alitoka jangwani na viriba vya samli, akaviuza, kisha akaketi mkekani kuwajibu wanazuoni: hiki kwenu mwakiitaje, na kile je? Hawakukitaka Kiarabu cha mjini. Walikitaka cha watu wasiolala chini ya dari. Ukame na ndui vilikuwa vimeumaliza ukoo wake. Lugha ya kisima chao ilibaki mdomoni mwake na katika ngozi hizo sita.

Asubuhi moja kando ya kurasa paliwekwa bakuli kubwa la maji. Shahidi wa lugha akikataliwa kwa kuwa mtu wa mji, maneno yake huoshwa na ngozi ikaandikwa mengine.

"Mama Khidashi," alisema Abu Khulaidi, "Zufari anasema umehamia mjini."

Zufari, mkubwa wa wanafunzi wake, hakungoja kuulizwa. "Nimemwona mtaa wa wafua shaba. Ana mtungi, ana mlango. Sijui kama ana paka."

"Na wewe huko ulifuata nini, Bwana Zufari?" Rudaina aliuliza. "Mkeo ana habari?"

Mkeka mzima ulicheka, isipokuwa Zufari. Alifunua kawa na kumsogezea sahani: samaki wa mtoni, wa kuchoma. "Karibu, mama. Umetoka mbali."

Rudaina alimwelewa papo hapo. Mtu wa jangwani hajui samaki. Humng'ata kama nyama, miiba ikamkaba. Ilitosha ang'ate hivyo, akohoe, wacheke, yaishe. Lakini hakuwa ametia kitu tumboni tangu jana, na vidole vilimtangulia. Vilibonyeza mgongo, vikapasua, vikanyanyua uti wote kwa mara moja na kuulaza ukingoni mwa sahani, mweupe, bila hata chembe ya nyama.

Zufari aliunyooshea kidole uti huo.

"Tuoshe," alisema.

Abu Khulaidi aliokota ukurasa wa kwanza, akaushikilia juu ya maji. "Ulihamia lini?"

Rudaina aliutazama ukurasa wa sita. Uliandikwa Shaabani iliyopita, na ndani yake mlikuwa na majina ya mahali walipolala wafu wake. Angesema Ramadhani, zote sita zingepona. Ila wafua shaba walikuwa karibu, wangeitwa waulizwe, na ushahidi wa mwongo hauachiwi hata neno moja.

"Rajabu," alisema. "Ngamia wangu wa mwisho alinifia hapa hapa sokoni. Nikabaki."

Mwalimu alirudisha ukurasa wa kwanza mahali pake. "Tano ni za kabla ya Rajabu. Zinabaki. Wa sita unaoshwa."

"Mwalimu, humo mna makaburi ya watu wangu."

"Najua. Niliandika mwenyewe."

"Na nikitaka uandikwe tena?"

"Ukalale jangwani mwaka mzima, ndipo uje."

"Kwa umri huo?" Zufari alinong'ona.

"Wewe maliza samaki wako," Rudaina alimwambia.

Ngozi ilizama. Wino uliachia polepole, mstari kwa mstari, na Rudaina alisoma kwa kumbukumbu kile ambacho hakujua kukisoma kwa macho, mpaka maji yakawa meusi.

Msafara wa kwenda Yamama, kule jangwani, utaondoka keshokutwa. Rudaina atakwenda nao kama mpishi.